Aliyeibana Gemu Yako

Kitale,
Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Naliaka wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nimekusikia ukifunga geti polepole, vile unavyolifunga ukiwa umelia au uko karibu kulia. Nina kama saa moja kabla hujarudi. Nimekaa kwenye kitanda chako, kati ya mifuko yako miwili na lile sanduku la bluu, na huko nje Ndiwa anachemsha maji ya kumnyonyoa kuku wa kukuaga kesho asubuhi. Anapiga mluzi. Hupiga mluzi akiwa na huzuni, nimemjua hivyo miezi hii minane.

Sitakuandikia mambo ya shuka, sabuni na kutochelewa darasani. Kukhu, mama wa baba yako, atakuambia hayo yote kabla hujavua viatu pale Myanga, na kesho yake atayarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miezi mitano, na nikilitaja hapa mwanzo utaikunja barua uitupe. Kwa hivyo nitaanza mbali kidogo. Usiruke mistari, mwanangu.

Unajua nilivyofurahi mwaka huu. Dunia nzima ya mtaa wetu inajua, maana nilikuwa sifichi. Tangu baba yako afariki nilikaa miaka minane nikijiambia kwamba mambo ya kupendwa yalikwisha, kwamba mimi ni wa kuamka, kufungua duka la nyuzi na vitambaa, kufunga, na kulala. Halafu akaja Ndiwa, huyu afisa wa mifugo wa Cheptais, na mwanya wake wa meno, akaingia dukani kutafuta kifungo kimoja cha koti, akarudi kesho yake kutafuta kifungo kingine cha koti lilelile. Siku ya tatu nilimwambia, "Afisa, hilo koti litaisha vifungo lini?" Akasema, "Siku utakayokubali kunywa chai." Najua umekunja pua hapo. Vumilia. Mama yako alikuwa msichana tena, na hakuna aliyenionya kwamba msichana wa miaka arubaini na mmoja ni mjinga kuliko wa kumi na nane.

Baada ya harusi tulikuwa naye Ijumaa hadi Jumapili tu. Siku nyingine zote alikuwa huko kwenye mifugo yake. Unakumbuka pale anapokaa hakuna mtandao wa maana. Kila jioni saa moja alikuwa anavaa sweta, anapanda nyuma ya zahanati mpaka kwenye jiwe fulani, ndipo simu yake inashika. Anasimama kwenye baridi ya mlima, anapiga video. "Maua yangu, unaniona?" Hakuna aliyewahi kuniita Maua. Mimi nilikuwa nimeshajipaka mafuta, nimefunga kile kitambaa cha rangi ya machungwa, nimeketi pembeni ya kabati ili mwanga unipate vizuri. Nilikuwa namngoja kuanzia saa kumi na mbili.

Na kila jioni, akifika tu kwenye neno tamu, anaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumbwa, kama mtu aliyepigwa picha akipiga chafya. Mwanzoni nilicheka, tena nikaihifadhi picha moja, bado ninayo. Wiki ya tatu sikucheka tena. Niliona mtu amepanda mlima kwa ajili yangu, na mimi ninampokea akiwa sanamu.

Wewe ulikuwa pale mbele ya TV, umenipa mgongo, hedifoni masikioni, mashine ya gemu inawaka taa yake ya kijani. Ulikuwa umemaliza shule, unasoma kompyuta asubuhi, jioni ni yako. Nilikuwa nakugusa bega.

"Nali, si upunguze hiyo kitu? Sisikilizani na mtu."

"Mum, dakika kumi tu. Tunamaliza."

"Mnamaliza nini kila siku?"

"Mechi, Mum. Ati unafikiri ni kupika ugali, unaacha katikati?"

Ulikuwa unanichekesha hata nikiwa na hasira. Lakini ona, ulisema *tunamaliza*, na mimi sikuwahi kukuuliza wewe na nani. Nilijua, kwa vile watu hujua kitu bila kukitazama. Nilijua mashine hiyo ulipewa na baba yako mdogo Wekesa tulipohama Bungoma, akasema, "Hii ni ili tusipotezane." Nilijua na yeye ana yake, pale kwenye duka lake la kinyozi Myanga, na kwamba mnacheza mpira jioni, wewe timu yako, yeye yake. Kwangu mimi huo ulikuwa mchezo wa watoto, na Wekesa nilimhesabu kati ya watoto.

Sasa nafika.

Jumatano moja ukiwa kwenye darasa lako nilimwita yule kijana fundi aliyetufungia intaneti. Alifungua programu kwenye simu yangu, akanionyesha orodha ya vitu vyote vinavyokunywa kwenye ruta yetu. Simu yangu, simu yako, TV, na cha nne kilikuwa kimeandikwa NALI kwa herufi kubwa. Mashine ya gemu. Ulikuwa umeipa jina lako.

"Mathe, huyu NALI ndiye anakula chakula ya watu wote," fundi akasema. "Nimbane?"

"Unaweza?"

"Unaweka kikomo. Anabaki kwa mtandao, lakini anapewa tone tone. Hii simu yako naiweka juu, inahudumiwa kwanza."

Nikamuuliza kitu ambacho nikikikumbuka mpaka leo nasikia aibu kwenye shingo. Nilimuuliza, "Na atajua ni mimi?"

"Haionyeshi. Ataona tu inakwamakwama."

Akanipa simu. "Finya hapo mwenyewe, Mathe, nyumba ni yako." Nikaweka kidole juu ya jina lako, Naliaka, jina nililokupa mwenyewe kwa kuwa ulizaliwa tukipalilia mahindi, nikalibana.

Aliyeibana gemu yako ni mimi. Si Ndiwa. Ndiwa hakujua lolote. Hata nywila ya ruta hakuwa nayo.

Jioni ile uso wake ulikuja safi kama anasimama dirishani. Niliona nyuzi za sweta, niliona mawingu nyuma yake, niliona mwanya. Akaniambia mambo ambayo hayaandikwi kwenye barua ya mtoto. Nilikuwa na furaha mpaka machozi. Na nyuma yangu, kwenye chumba hichohicho, ulikuwa unasema: "Hallo? Hallo, baba mdogo? Uko? Unanisikia?" Ulichomoa waya, ukachomeka. "Hallo?" Maneno yaleyale niliyokuwa nayasema mimi wiki tatu nzima. Nilikusikia, mwanangu. Nilisogeza kiti karibu na kabati ili nikusikie kidogo.

Ijumaa hiyo unaikumbuka kuliko mimi. Ndiwa aliingia na mfuko wa vitunguu, hata hajaweka chini.

"Ni nani amefunga gemu yangu?" ulisema.

Mimi nilisema, "Kwani imefungwa?" Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya Mungu.

Ukamgeukia yeye. "Ni wewe. Kabla hujaingia hii nyumba kila kitu kilikuwa sawa. Unataka nisiongee na watu wa baba yangu."

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Ndiwa akanitazama, na mtu anayekupenda huona haraka, akaona. Akaweka vitunguu chini, akasema, "Ni mimi. Nisamehe, Naliaka. Nitairekebisha."

Ukaenda ukafunga mlango huu hapa. Jikoni alinishika mkono, akaniambia polepole, "Baba wa kambo huchukiwa hata akiwa hajafanya kitu, mimi nilikuja nikijua. Lakini usikae nayo sana. Mwambie." Na mimi, badala ya kuona aibu, nilimpenda zaidi! Nililala nikijiona nimeolewa na simba. Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta, na hukula siku hiyo.

Kuna siku nyingine nataka uijue, ya kabla ya hayo. Jumapili ya kwanza baada ya harusi nilichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata mgeni mkubwa akila mapaja yote, hiyo imondo haiguswi. Tangu baba yako afe hatukuwa na mwenye nyumba, kwa hivyo mimi na wewe tulikuwa tunaikata katikati. Ulikuwa na miaka kumi ulipoanza kuikata mwenyewe na kunipa nusu kubwa. Jumapili hiyo niliiweka nzima kwenye sahani ya Ndiwa. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, ulikuwa umengoja miaka minane kuwa na mahali pa kwenda. Yeye aliona macho yako, akachukua kisu, akaikata vipande vitatu. Ukasema, "Nimeshiba." Nikasifu adabu yako! Nilimwambia yeye, "Umeona mtoto wangu alivyo na heshima?"

Sikukuona. Huko kwenye ruta nilirudia tu yale ya mezani.

Wiki tatu baadaye niliondoa kikomo. Niliondoa kwa siri, nilivyokiweka kwa siri, nikitumaini mambo yatapona bila mtu kusema. Nilikaa kwenye kiti changu nikingoja ucheke. Ukawasha, ukavaa hedifoni, ukangoja. Ukangoja sana. Halafu ukavua, ukasema kwa sauti ndogo, "Baba mdogo hayuko siku hizi." Kesho yake hukuwasha.

Baada ya hapo ulianza kumwita Ndiwa "huyo." "Mwambie huyo chai yake iko tayari." Chuo cha Kitale, ambacho ungeenda kwa miguu ukirudi kula kwako, ukakikataa. Ukachagua cha Bungoma, ukasema utakaa kwa Kukhu, na likizo pia utakuwa huko. Nilisema ni sawa, msichana mkubwa huamua. Nilisema ni sawa kwa sababu kukuzuia kungenilazimu kusema haya.

Mwezi uliopita nilikwenda Myanga kukuombea chumba. Sikukuambia yaliyonipata huko. Nilikuwa jikoni na Kukhu tunachambua mboga, na sebuleni watu wanatazama mpira. Ghafla nikasikia: "Piga! Piga wewe, hata na goti!"

Sufuria ilinitoka mkononi. Naliaka, alikuwa baba yako. Ilikuwa ni sauti ile, na hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiwapigia wachuuzi wenzake wa Chwele wakicheza Jumapili, wewe ukiwa umekaa mabegani kwake na soksi moja imeanguka. Nilisimama. Kukhu akanitazama wala hakushangaa.

"Ni Wekesa," akasema. "Na mimi hunishtua. Huyo na kerere yake. Akizeeka ndivyo anazidi kuwa marehemu ndugu yake."

Wekesa mwenyewe akaja mlangoni, akacheka kuona mboga ziko chini. "Shemeji, umeogopa? Nali ndiye alinifundisha hiyo tabia. Kila siku tukianza mechi, 'Baba mdogo, sema ile ya baba.' Nisiposema hachezi. Mimi nilikuwa nimeisahau, bana. Mtoto ndiye alikuwa nayo."

Nikamuuliza kwa nini hamchezi tena. Akainama, akaokota jani moja la mboga, akalishikilia tu.

"Alikuwa anakatika katika. Nikaona jioni nne, tano, anakatika. Nikajua sasa yuko na baba mpya, hataki kelele zetu. Sikutaka kumsumbua. Ile mashine yangu niliiuza kwa kijana wa Chwele."

Na simu? Hapana. Kwa simu Wekesa husema habari, nzuri, salimia mama, kwisha. Ni mpaka asahau kwamba anaongea ndipo sauti ile inatoka. Wewe ulikuwa umeligundua hilo, nawe ulilificha kwenye hedifoni ili nisiumie. Ulikuwa unamlinda mama yako dhidi ya sauti ya mume wake, na mama yako akaikata.

Unafikiri nilimwambia ukweli Wekesa? Nilimwambia mtandao wa Kitale ni mbaya.

Wiki hiyo fundi alirudi, mvua ilikuwa imeharibu waya kule kwenye nguzo. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha wakati tu, kwa nini gemu hula sana hivyo. Akanishangaa. "Gemu yenyewe haili, Mathe. Kucheza na kuongea ni kidogo tu, kama mtu wa simu. Kinachokula ni apdeti. Hizo mashine hujipakulia mizigo yake jioni watu wakiwa nyumbani. Si ungeniambia ni hiyo? Tungeiambia ipakue alfajiri, kila mtu angekuwa sawa."

Kila mtu angekuwa sawa! Sauti yako na baba yako mdogo haikuwa inaninyima kitu. Ilikuwa inapita pembeni, nyembamba, kama mtu anayepita chumbani kwa vidole ili asimwamshe mgonjwa. Ningeuliza tu. Ningeuliza fundi kinacholiwa ni nini, au ningekuuliza wewe uko na nani, mmoja wenu angeniambia.

Sina somo kubwa la kukupa. Huzuni ninaijua, nimeishi nayo, na nilikuwa mama mzuri ndani yake. Nilisikia hata ukigeuka kitandani. Nilidhani hatari iko huko tu. Hakuna aliyeniambia kwamba furaha nayo huziba masikio. Wewe utapenda mtu siku moja, na natamani umpende kama mimi, bila aibu, na vifungo vya koti na kila kitu. Siku hiyo, kabla hujampunguzia mtu ili umwongezee mwingine, mtazame huyo wa kwanza usoni umuulize. Ni hayo tu. Na ukikosea, usingoje miezi mitano. Kosa langu lilikuwa la kidole kimoja, la sekunde moja. Kunyamaza ndiko kumekufungia mifuko hii.

Nimesikia geti la jirani, nikadhani ni wewe. Wacha niharakishe.

Barua hii nitaiweka kwenye sanduku la bluu, kati ya rimoti mbili za gemu, maana najua mashine ndiyo utaipakia ya mwisho, asubuhi. Kwa hivyo ukisoma hapa sisi tuko jikoni. Kuku yuko mezani. Firigisi ni yako, nzima, ni Ndiwa aliyesema, na usipoitaka uikatae tu, safari hii sitakusifu.

Halafu ataibeba mifuko yako mpaka kwenye gari. Ataibeba kimya, kama alivyobeba lile kosa langu. Naliaka, sikuombi uninyamazie kwa upole. Ukitaka kukasirika, mtu wako ni mimi, niko hapa, nakungoja, na utasema yote. Ukitaka kukaa Krismasi mbili bila kunipigia, nitajua ni kwa nini. Lakini huyo mtu usiondoke bila kumsalimia. Huna haja ya kumwita baba, hajawahi kuomba hilo. Ana jina. Mwite Ndiwa. Miezi mitano hajalisikia mdomoni mwako.

Kwa Kukhu hamtahitaji mtandao wangu. Mtakaa kochi moja wewe na Wekesa, rimoti hizi mbili, atapiga kelele zake sikioni mwako moja kwa moja na hakuna mtu wa katikati wa kuzibana. Nimefikiria hilo jioni yote na limenituliza, na limeniuma pia, kwa sababu mtu wa katikati nilikuwa mimi.

Kabla ya kuanza kuandika nilifungua ile orodha ya ruta. Simu yangu nimeishusha, haitangulii tena mtu. Ukichomoa mashine kwenye umeme kesho, jina lako halitaondoka pale. Litageuka kijivu tu, NALI, na chini yake wataandika kwamba haijaunganishwa. Fundi aliniambia mara ya kwanza kabisa kwamba vitu visivyotumika ni vizuri kuvifuta, orodha iwe safi. Hilo lako sitalifuta. Kila saa moja jioni, kabla ya kumpokea Ndiwa, nitapita nikuangalie kijivu chako.

Geti. Huyo ni wewe.

Mama yako